Nilikwenda Maskati Kumtoa Saidi Ukooni

Niliporudi kutoka Maskati watu wa Pangani waliniuliza nilifuata nini kule. Wengine niliwaambia nilikwenda kutembea. Wengine niliwaambia nilikwenda kutazama malori. Yote mawili yana ukweli kidogo, lakini sikukata tiketi kwa hayo. Nilikwenda kwa wivu. Haya nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu wa darasa la nne, na atakayetaka maneno ya kupambwa akayatafute kwa waliosoma.

Wivu wenyewe una umri sawa na wangu. Mama yangu, Bi Mwanaisha, alinizaa mie Hemedi hapa hapa Pangani. Jirani yetu alikuwa Mwarabu mwenye duka, na mkewe alijifungua wiki chache kabla ya mama. Yule bibi akashikwa na homa ya uzazi, akafa. Mtoto aliyebaki ndiye Saidi. Mama akamchukua, akatunyonyesha wote wawili mpaka tulipoachishwa. Baadaye, tukiwa watu wazima, alikuwa akilihadithia jambo hilo na kucheka: ziwa la kulia la Saidi, la kushoto la Hemedi. Sasa nauliza, kwa nini la kulia liwe la mwenzangu? Aliyezaliwa na mwenye maziwa ni mie. Nimevuka miaka sabini na swali hilo bado ninalo.

Saidi akapelekwa shule, mie nikapanda malori. Nilikuwa utingo, nalala juu ya marobota ya katani. Yeye akafika sekondari, akakijua Kiingereza, na Omani ilipowaita watu wake waliosoma, akaondoka. Akapata kazi wizarani. Mie nikapata lori langu la kwanza, bovu, nikalifufua kwa mikono yangu, likanipatia la pili. Leo nna malori, nna nyumba ya ghorofa karibu na kivuko, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini nenda baraza yoyote hapa uulize ni mtoto gani wa Bi Mwanaisha aliyefanikiwa. Watakutajia Saidi.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho Saidi hakuwa nacho. Babu yangu Mjerumani. Baba yake mama alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, jina lake Riebling, na watu walimwita Bwana Ribi. Aliishi na bibi yangu mpaka vita vya Wajerumani na Waingereza vikamchukua, mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakurudi tena. Utotoni wenzangu walinidhihaki kwa babu huyo, nikapigana nao. Nikakua, nikamwona kuwa ni wangu kama pua yangu ilivyo yangu.

Siku chache baada ya Idi nilikuwa nakunywa chai, simu ikalia. Thuraya, binti yake Saidi, ametuma picha. Saidi kakaa kwenye majlisi yake, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, na pembeni yake mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe za kukata fupi. Mbele yao karatasi ndefu imetandazwa juu ya zulia. Thuraya ameandika kuwa yule mama ni mjukuu wa Bwana Ribi, anaitwa Annegret, anautafuta ukoo wake, na amekuja Maskati kuwaona watoto wa Bi Mwanaisha. Nikaikuza picha kwa vidole. Chini ya jina la mama kulikuwa na majina matatu. La kwanza Saidi. La pili mie, tena limeandikwa vibaya. La tatu dada yangu, Mwanamvua.

Chai ikanipoa. Nikaenda kwa Mwanamvua, nyumba ya pili tu kutoka kwangu. Yeye ni mdogo wangu, mjane sasa. Nilimkuta anachambua mchele.

"Saidi kajipachika kwenye ukoo wa Mjerumani," nikamwambia. "Mie nakwenda Maskati kumtoa."

Hakuinua uso. "Kamsalimie," akasema.

"Basi?"

"Basi. Na ukifika usile chakula cha mtu huku umemnunia."

Kutoka Pangani mpaka Muheza mkonge ulikuwa ukipita dirishani, mistari mistari, wima kama askari. Nikawaza kuwa huenda babu yangu alipita hapa akiwa na spana mkononi. Nikawaza pia kuwa Saidi hajawahi kubeba robota moja la katani maishani mwake. Nilifika Dar es Salaam nimekasirika zaidi kuliko nilivyotoka.

Ndani ya ndege nilikaa na binti mmoja wa Singida anayekwenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu huko huko Maskati. Alikuwa anarudi baada ya likizo, kwa hiyo mambo yote ya ndege alikuwa anayajua, na mkanda wangu alinifunga yeye.

"Babu, unakwenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa ndugu yangu," nikajibu.

Neno likishatoka halirudi. Nikageukia dirishani mpaka tulipotua.

Uwanja wa ndege wa Maskati ni marumaru tupu, unaona kidevu chako chini. Saidi alikuwa amesimama nje ya mlango wa kutokea, ameshika bakora. Nilimtazama vizuri. Mgongo umempinda. Wangu haujapinda. Nikafurahi, sifichi.

"Hemedi weye!" akasema, akanikumbatia, ananukia ubani. "Wallahi hujazeeka. Khabari za Pangani?"

"Pangani ipo. Wewe ndiye uliyepinda."

Akacheka mpaka akakohoa. Hilo nalo la Saidi: ukimpiga neno analipokea kama zawadi.

Aliendesha gari mwenyewe. Mie mtu wa malori, kwa hiyo macho yangu yalikuwa barabarani, natafuta shimo. Nikatafuta. Nikatafuta. Sikuliona hata moja, nikazidi kuumia. Pembeni majumba meupe, nyuma yake milima mikavu isiyo na jani, rangi ya chuma kilichopata moto. Tukapita Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa majumba ya bustani, akanionyesha kwa kidole: "Hapo ndipo tulipokaa siku za wizara." Kisha tukapanda mlima kwa barabara ya kujipindapinda, tukashukia upande wa pili, Al Amerat, ambako familia nyingi zimejenga nyumba mpya. Yake imo humo. Ina ghorofa moja kama yangu. Nilihesabu madirisha, sitasema nilipata nini.

Mkewe, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja, na mapishi yake yamebaki Unguja. "Karibu shemegi, karibu kwako," akasema, na mezani pana wali, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, na halwa ya Kimanga inayong'aa. Baridi ya mashine inakupuliza shingoni. Wajukuu wanaingia, wananibusu mkono, wanazungumza Kiarabu, wakinigeukia mie wanasema Kiswahili kizuri kuliko cha watoto wa kwangu. Kila kitu nilichokitazama kilinichoma. Nikakumbuka maneno ya Mwanamvua, nikajilazimisha kutabasamu. Nadhani nilionekana kama mwenye jino bovu.

"Mwanamvua hajambo?" Saidi akaniuliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

Alikuwa ameshika kijiko, kikabaki hapo hapo hewani. Bi Zuwena akamwongezea wali bila kumuuliza. Yeye akakirudisha kijiko kwenye sahani, akaanza kuulizia mvua za Tanga.

Siku ya pili Annegret alikuja nyumbani. Kaka zangu wasomaji, mie nimewahi kuona Wazungu wengi, wenye pesa na wenye mabegi mgongoni, lakini sikuwahi kumwona mwenye pua ya mama yangu. Nilishtuka. Akanishika mikono yote miwili, macho yakamjaa maji, akasema maneno ambayo Thuraya aliyatia Kiswahili: babu yake alipozeeka alimwambia mamake Annegret kuwa aliacha mtoto wa kike Pangani, na akalitaja jina, Mwanaisha. Annegret akauliza watu kwenye mtandao kama kuna yeyote anayelijua jina hilo. Thuraya akaona, akamuuliza babake.

Akaitandaza ile karatasi ndefu. Hapo ndipo nilipoijua kazi ya mama huyu. Alikuwa muuguzi wa hospitali, na tangu astaafu, kazi yake ni kuzunguka makanisa ya vijijini kwao na nyumba za serikali za kuwekea kumbukumbu. Kule, mchungaji aliandika kila kitu kwenye kitabu cha kanisa: nani kazaliwa, nani kabatizwa na wasimamizi wake ni nani, nani kaoa, nani kafa na alikuwa akifanya kazi gani. Mwandiko wenyewe ni wa zamani, hata Wajerumani wa leo hawawezi kuusoma. Yeye alijifundisha. Anakaa na kioo cha kukuzia, neno moja linaweza kumla asubuhi nzima. Hivyo hivyo, kaburi kwa kaburi, amepanda mpaka kwa mjane mmoja ambaye jina la ukoo wake mchungaji hakulijali.

Nikamwonea wivu na huyu naye. Mie kwa upande wa baba, nikimpita babu, nakwama. Huyu anamjua babu wa babu wa babu yake, na anajua alikuwa akifanya nini.

"Alikuwa fundi wa magurudumu," Thuraya akatafsiri. "Akitengeneza magurudumu ya mikokoteni."

Nikaruka kitini. "Magurudumu! Umesikia, Saidi? Magurudumu! Unadhani malori yangu yametoka wapi?"

Saidi akatikisa kichwa kwa furaha. "Na mie wizarani miaka yote nilikuwa kwenye barabara, Hemedi. Magurudumu na barabara, si kitu kimoja?"

Akaninyang'anya hata magurudumu.

Nikauliza, huyu Annegret ananiitaje mie kwa hesabu yao. Akafikiri, akasema mie ni binamu yake wa nusu, kwa sababu mama zetu baba yao mmoja, mama mbalimbali.

"Mwambie," nikamwambia Thuraya, "mama zetu ni dada. Watoto wa dada wawili kwetu ni ndugu. Yeye ni dada yangu, khalas. Kwetu hakuna nusu."

Annegret aliposikia akacheka na kujifuta macho, akanibusu mashavu mbele ya watu. Saidi hakucheka. Alikuwa ananitazama, mikono juu ya bakora.

Kisha yule mama akasema jambo lenyewe. Anataka kupiga chapa kitabu cha ukoo, nakala moja kwa kila tawi la familia, na wengi kule Ujerumani wanakingojea. Lakini yeye haandiki kitu bila mwenyewe kukithibitisha. Kesho kutwa tumfuate hotelini kwake, Matrah, kila mmoja atazame palipo na jina lake aseme ni sawa au si sawa. Kikishapigwa chapa hakibadiliki.

Nikafungua mdomo. Wakati huo huo Bi Zuwena akaingia na kahawa na tende, akaanza na mie. Huwezi kuchukua tende ya mtu kwa mkono mmoja na kumtoa ukooni kwa mwingine. Nikanywa kahawa.

Kesho yake Saidi akasema, "Twende Rusayl, ukaone malori." Rusayl ndiko kwenye viwanda na maghala. Nikaenda. Niliona malori marefu, mapya, yamepangwa kama meno, na madereva wa Kihindi na Kipakistani wanakunywa chai kivulini. Kando ya ukuta mmoja tu kulikuwa na malori mengi kuliko yanayopita Pangani mwaka mzima. Saidi alinionyesha kama aliyeyanunua yeye. Nikachoka. Tuliporudi garini nikamwambia kabla hajawasha.

"Saidi, mbona hukumwambia yule mama?"

"Nimwambie nini?"

"Kuwa Bi Mwanaisha hakukuzaa."

Akaacha ufunguo. "Kaniuliza mama yako nani, nikamwambia. Nilimtaja mwengine?"

"Unajua alichokuwa anauliza. Wewe ndiye uliyesoma, si mie. Anauliza damu. Wewe damu ya Mjerumani huna hata tone. Kwenu ni Waarabu, wana ukoo wao mpaka kwa Nuhu, unataka nini kwenye wetu? Kila kitu umepata. Shule, wizara, nyumba, barabara zisizo na mashimo. Hiki kimoja niachie."

Nje kulikuwa na mtu anafunga turubai juu ya mzigo, anavuta kamba.

"Hemedi," akasema, "siku nilipoleta posa ya Mwanamvua, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Sikutegemea aende huko. Tulikuwa vijana wakati ule. Saidi na dada yangu walikuwa wanapendana na mtaa mzima unajua. Alisikia mahali kuwa mtoto akinyonya mara chache tu haihesabiwi kuwa udugu, akashikilia hapo. Akaleta wazee na posa. Sheikh akamuuliza mama: ulimnyonyesha kiasi gani? Mama alilia mpaka mtandio ukalowa. Hakuweza kusema uongo. Akasema, "Mpaka alipoota meno na akaniuma." Sheikh akasema, basi huyu ni mwanao na yule binti ni dada yake, haiwezekani, funga mlango huo.

"Nilikuwa barazani," nikajibu.

"Ulisema nini?"

Nikamtazama yule mtu wa turubai.

"Mie nakumbuka. Ulisimama ukasema, 'Unataka kumwoa dada yako?' Watu wakacheka. Na ulisema kweli, sikulaumu. Nilikuwa ndugu yenu. Nikaitikia, nikaja huku. Nimeoa mke mwema, Alhamdulillahi, simlalamikii mtu." Akageuka akanitazama. "Kwa Mwanamvua nilikuwa ndugu. Kwa Mjerumani si ndugu. Nieleze, nimeacha kuwa ndugu lini? Jana umemwambia yule mama kwenu hakuna nusu. Na robo ipo?"

"Sikukusudia..."

"Ulikusudia. Wewe husemi kitu usichokusudia, ndiyo maana nakupenda." Akawasha gari. "Kesho ukitaka kunitoa, nitoe. Sitabisha wala sitakununia. Lakini mie kwa ulimi wangu simkani Bi Mwanaisha. Aliyenizaa sikuwahi kumwona, Hemedi. Mama mwengine simjui."

Njia nzima ya kurudi sikutafuta shimo.

Asubuhi ya siku ya kwenda Matrah nilivaa kanzu yangu nzuri na koti. Hoteli ya Annegret inatazama bandari. Alikuwa ametandaza karatasi kwenye meza kubwa dirishani, na penseli tatu zilizochongwa. Saidi akakaa upande wa bahari, akaiangalia meli moja nyeupe kana kwamba ni ya baba yake. Thuraya akakaa kati.

Annegret akaweka kidole kwenye jina la mama, akakiteremsha. "Saidi, mwana. Hemedi, mwana. Mwanamvua, binti. Ni sawa?"

Nawaambia kweli: nilikuwa nimelipanga jibu tangu Pangani. Nilikuwa nimelisema peke yangu mbele ya kioo. Lilikuwa fupi, na lilikuwa sahihi. Na kusema ndiyo, ni sawa, nisingeweza. Yule mama alikuwa amepofua macho yake kwenye makanisa ili aandike kweli tupu, nami si mtu wa kumdanganya dada yangu.

"Si sawa," nikasema.

Thuraya akageuka kwa babake. Saidi hakugeuka.

"Mwambie hivi," nikasema. "Mie mama alinizaa. Mwanamvua alimzaa. Huyu hakumzaa. Huyu alimnyonyesha, tangu ana wiki chache mpaka ana meno. Kwetu mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao. Wanao ni ndugu zake. Hawezi kumwoa binti yako, na kama binti huyo anampenda na yeye anampenda, hawezi vilevile. Mwambie si desturi ya kusema tu. Watu wameishi nayo."

Thuraya alitafsiri mpaka akafika hapo, akasita, akamtazama babake kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, nadhani. Kisha akamaliza.

Annegret akavua miwani. Akasema kuwa hata Kijerumani kina neno la zamani, ndugu wa maziwa, bibi yake alikuwa akilitumia. Lakini kwenye vitabu vya kanisa hajaliona hata mara moja. Wachungaji waliandika mzazi, waliandika msimamizi wa ubatizo, mara nyingine waliandika hata mkunga. Aliyenyonyesha hakuna aliyemwandika. Akasema, "Nimesoma vitabu hivyo miaka mingi na sikuwahi kujiuliza watoto wa wanawake waliokufa walikula nini."

Akaniuliza mie, si Saidi: "Abaki hapo au aondoke?"

Wivu ni kitu cha ajabu. Hata dakika ile ulikuwepo, umekaa kifuani kama paka. Ungenisikia ungenijua.

"Abaki," nikasema. "Hakuna aliyepagharimia hapo kama yeye. Ila mstari wake usiwe kama wangu. Na jina langu lirekebishwe, ni Hemedi, mwisho i."

Saidi akacheka, bado anatazama bahari. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na sina hakika kilikuwa kicheko kitupu.

Annegret akafuta mstari mnene wa Saidi. Akachukua penseli nyembamba, akateremsha nukta kutoka kwa mama mpaka kwake, moja moja, polepole, kama mtu anayeshona. Akasema ile programu yake ya kompyuta haina mstari wa namna hiyo, kwa hiyo kwenye kitabu atauchora kwa mkono, nakala zote.

"Na mie nitangulie sasa," nikasema. "Mie ndiye wa damu."

Akatikisa kichwa. Mkubwa kwa umri ndiye wa kwanza, hapo hana la kufanya.

"Tazama lakini, Hemedi," Saidi akasema, amegeuka sasa, macho mekundu. "Wa kwanza kakaa kushoto. Na wewe uko kulia kwangu. Umelipata ziwa lako."

Siku ya kuondoka alinisindikiza uwanjani. Nilidhani atanipa kitu nimpelekee Mwanamvua, kitambaa au manukato, watu wa Maskati hawarudishi mgeni mikono mitupu. Kwangu alinipa halwa, ubani na kofia. Kwa Mwanamvua alisema, "Msalimie." Basi. Nikaona kuwa wale wawili wamesalimiana hivyo maisha yao yote, kwa neno moja, na waliokuwa wanalibeba ni watu kama mie tusiojua uzito wake.

Kurudi njiani mkonge ulikuwa pale pale. Nilijifunza nini, mtu ataniuliza. Nilijifunza kuwa nafasi ile mie niliipata bure, kwa kuzaliwa tu, na mwenzangu aliipata kwa kunyimwa. Kitu ulichokipata bure unaweza kukipigia kelele sana. Na wivu umekwisha? Haujaisha. Saidi bado ni wa kwanza kwenye karatasi, na bado barabara zao hazina mashimo.

Pangani nilifika mchana. Nilikwenda kwa Mwanamvua kabla ya kufika kwangu, nikamfungulia nakala ya ile karatasi niliyopewa na Annegret. Dada yangu hakujaliwa kusoma, kwa hiyo nikamwonyesha kwa kidole. Huyu mama. Huyu Bwana Ribi. Huyu fundi wa magurudumu. Hawa ndio sisi.

"Mstari huu wangu?" akauliza.

"Huu wako. Mnene."

"Na huu wa matone?"

"Wa Saidi. Kauchora yule Mzungu kwa mkono. Ni wa ziwa."

Akaweka kidole chake kwenye jina la mama, akakiteremsha juu ya zile nukta taratibu, moja moja, mpaka akafika kwa Saidi. Akakiacha hapo.

"Kumbe ni mwembamba hivi," akasema.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga yake. Nimeshamwomba anirudishie mara nyingi. Ananiambia mie nimeshaiona.